Kabla ya Jino la Tatu

Wajukuu zangu, ninyi wa Kibiti mjini na Bungu, na ninyi mnaokaa Salale, Mbwera na Kiongoroni ambako safari hupangwa kwa maji kujaa na kupwa: habari iliyowafikia kwenye simu ni ya kweli. Japani kuna dawa inayojaribiwa ili watu wazima waote meno mapya. Mmeniuliza mimi kwa kuwa nilifanya kazi ya utabibu wa meno mpaka nikastaafu, na wengine kati yenu niliwang'oa meno ya utoto. Nataka niwajibu kwa kirefu, maana nimemsikia kijana akimwambia mwenzake aliyeshika shavu kwa maumivu: "Ling'oe tu, siku hizi yataota mengine." Neno hilo limenikaa moyoni.

Dawa hiyo inatokana na kazi ya Dakta Katsu Takahashi wa hospitali ya Kitano, mjini Osaka, na wenzake wa Kyoto. Mwilini mwetu kuna protini moja inayoitwa USAG-1, ambayo kazi yake mojawapo ni kuvizuia vichipukizi vya meno visiendelee kukua. Takahashi na wenzake wakatengeneza kingamwili ya kuikamata protini hiyo ili kizuizi kiondoke. Mwaka 2021 walichapisha matokeo katika jarida la Science Advances. Kwa panya wenye kasoro ya kuzaliwa na mapengo, sindano moja ilitosha, jino likaota. Walimjaribu pia feret, mnyama wa jamii ya kicheche ambaye huota meno ya utoto kisha ya ukubwani kama sisi tunavyoota, naye akaongeza jino la mbele ambalo hakuwa nalo. Septemba 2024 majaribio kwa binadamu yakaanza katika Hospitali ya Chuo Kikuu cha Kyoto, kwa wanaume 30 wenye umri wa miaka 30 hadi 64, kila mmoja akiwa amepungukiwa gego moja au zaidi.

Sasa sikilizeni vizuri hapa. Hatua hiyo ya kwanza ilipangwa kuuliza jambo moja tu: je, dawa ni salama? Ikionekana salama, watafuata watoto wa miaka miwili hadi saba waliozaliwa bila meno manne au zaidi. Wenyewe wanatumaini dawa iwafikie watu wa namna hiyo ifikapo mwaka 2030. Hao ni watoto wa Japani wenye ugonjwa wa kuzaliwa nao. Aliyeoza gego kwa soda pale stendi ya Kibiti hayumo kwenye foleni hiyo kwa sasa, na mtu akipanda kwenye basi na chupa mkononi akitangaza dawa ya kuotesha meno, mwacheni ashuke na chupa yake.

Msinielewe vibaya. Mimi habari hii imenifurahisha kuliko inavyowafurahisha ninyi, kwa kuwa nimeishi miaka mingi na swali ambalo wavuvi wa delta ya Rufiji walikuwa wakiniuliza: kwa nini mamba ana meno siku zote na binadamu anaishia na mapengo? Aliyewahi kuokota jino la mamba kando ya Rufiji anajua kwamba chini lina uwazi, halina mzizi. Limekuwa hivyo kwa sababu jino jipya lilikuwa likikua ndani yake, likala mzizi wa la zamani, kisha likalisukuma nje. Mwaka 2013 watafiti wa Chuo Kikuu cha Southern California, Marekani, waliwachunguza aligeta, ndugu za mamba wetu, wakaeleza kuwa kila mahali pa jino pana vitu vitatu: jino linalotafuna, jino linalosubiri chini yake, na utando mwembamba wenye seli shina zinazosubiri kutengeneza jingine. Seli shina ni seli changa ambazo bado hazijashika kazi maalumu, hivyo zinaweza kugawanyika na kugeuka kuwa seli za aina nyingine. Kwa mpango huo mnyama yule huweza kubadili jino moja mara hamsini katika maisha yake. Tembo wa Hifadhi ya Nyerere, huko juu mto unakotoka, ana magego ya awamu sita, na ya sita yakilika hawezi tena kutafuna, hufa kwa njaa.

Binadamu tumepewa awamu mbili: meno 20 ya utoto na 32 ya ukubwani. Ule utando wenye seli nasi tunao tukiwa tumboni na utotoni, kisha huvunjika na kusambaa. Takahashi anaamini kuwa mabaki ya awamu ya tatu yamebaki yamelala tayani, na sindano yake inakusudiwa kuyaamsha. Shikeni neno hilo, kuamsha. Sindano haileti jino kutoka dukani. Inakiamsha kilichomo tayari, nacho lazima kiwe hai. Utafiti wote wa kuotesha meno ninaoufahamu unasimama juu ya jambo hilo, na ushauri wangu kwenu leo unasimama hapohapo.

Nilipokuwa kazini nilikuwa na gego moja lililopasuliwa katikati, nikiwaonyesha wagonjwa. Juu kuna gamba gumu jeupe; kwenye vilele vya gego unene wake unakaribia milimita mbili, na ukiligonga kwa chuma linalia. Chini yake kuna dentini, yenye umanjano kidogo na laini zaidi, iliyojaa vitundu ambavyo jicho haliwezi kuviona. Katikati kabisa kuna kijichumba chembamba kinachoshuka hadi kwenye mizizi, na humo ndimo kilimokuwa kiini cha jino: mishipa ya damu, mishipa ya fahamu, na seli. Wagonjwa wengi walishangaa. Walidhani jino ni mfupa mkavu tu, na kwamba likiuma basi limekufa. Nikawaambia jino linalouma liko hai bado, linaita.

Wakata miti wa delta wanajua kuwa mchu ukikatwa huchipua tena kwenye kisiki, lakini mkoko ukikatwa shina umekwisha, hata usubiri miaka. Kinywani mwenu mna vyote viwili. Gamba la juu ni mkoko: seli zilizolijenga hufa jino linapotokeza kwenye ufizi, na tundu likishatoboka mwili hauna fundi wa kuliziba. Dentini ni mchu. Seli zinazoijenga zimejipanga ukutani mwa kiini maisha yote, na zikihisi hatari inakaribia hujenga ukuta mpya kwa ndani. Paul Sharpe na wenzake wa King's College London walionyesha mwaka 2017, kwa panya, kuwa dawa iliyowahi kujaribiwa kwa ugonjwa wa usahaulifu wa Alzheimer ikiwekwa ndani ya tundu la jino kwa kisponji kidogo huzichochea seli shina za kiini zikajenga dentini nyingi zaidi. Lakini kiini kikishaoza, hakuna dawa ya kuchochea wafu.

Kwa hiyo kazi yenu ni kuzuia uozo usifike huko ndani, na silaha ya kwanza mnayo bure: mate. Bakteria wa kinywani wakila sukari hutoa asidi, nayo huyeyusha madini ya gamba la jino. Mate huizimua asidi na kurudisha madini mahali pake. Kabla ya tundu kutoboka, doa jeupe lisilong'aa kwenye jino linaweza kurudi likawa zima, na hilo hutokea kila siku vinywani mwa watu bila wao kujua. Mate yanahitaji muda tu. Ndiyo maana mtoto anayekunywa chai ya sukari mara moja na chakula anadhurika kidogo kuliko anayemumunya ubuyu wa rangi kutwa nzima. Ubuyu una asidi yake yenyewe, ukapakwa sukari, na unakaa shavuni muda mrefu. Mate hayapati nafasi. Siwakatazi ubuyu. Uleni, mmalize, mnywe maji.

Halafu dawa ya meno yenye floraidi. Someni pembeni mwa boksi: inayofaa ni ya kuanzia sehemu 1,000 hadi 1,500 kwa milioni, na mtoto chini ya miaka mitatu apakiwe kiasi cha punje ya mchele. Mswaki wa mti si wa kudharau. Watafiti walishaupima kwa watoto wa shule hapahapa Tanzania, unasafisha. Upungufu wake ni kwamba ukiutumia peke yake hupati floraidi ya kutosha, basi changanyeni. Jambo moja ambalo wengi hawalifanyi: ukimaliza kupiga mswaki tema povu, usisukutue. Ukisukutua unaimwaga dawa kabla haijafanya kazi.

Watu wakisikia habari hizi za seli na dawa, yaani bioteknolojia, huwaza mashine zinazowaka taa, na vijijini kwetu hazipo, basi wanaona hayo si yetu. Mnapaswa kujua kilichotokea Dar es Salaam katikati ya miaka ya 1980. Mholanzi mmoja, Jo Frencken, alikuwa akifundisha katika shule ya meno pale, na yeye na wenzake walikabiliwa na tatizo tulilokuwa nalo wote: vijijini hakuna umeme, drili haiendi, na jino lililotoboka hata kidogo lilikuwa halina tiba ila koleo. Wakaanza kuchokoa uozo laini kwa vifaa vya mkono peke yake, kisha kuziba tundu kwa saruji inayoshika kwenye jino. Njia hiyo inajulikana duniani kwa herufi ART. Tarehe 7 Aprili 1994, Siku ya Afya Duniani, Shirika la Afya Duniani liliitangaza, na leo inatumika hata katika nchi zenye umeme usiokatika, kwa watoto na wazee wanaoogopa drili.

Kinachonigusa mimi katika njia hiyo ni busara iliyomo. Huchimbi mpaka ufike jino zima jeupe. Unatoa kile kilichooza kikawa laini, ile dentini iliyoathirika lakini bado ngumu unaiacha, unaifunika isiingie chakula wala bakteria. Saruji ya siku hizi hutoa floraidi taratibu, na jino huendelea kujiponya chini ya kifuniko. Kwangu mimi huo ni uoteshaji upya pia, na sisi tulikuwa tukiufanya kwenye benchi la zahanati kwa mwanga wa dirisha. Mwaka 2021 saruji hiyo, dawa ya meno yenye floraidi, na dawa ya maji yenye fedha na floraidi inayopakwa kusimamisha uozo, vyote viliingizwa katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani. Hiyo ya kupakwa hugeuza pale palipooza pakawa peusi, na akina mama huichukia kwa ajili hiyo, lakini mtoto haumii wala hachomwi sindano. Ulizeni mkienda kituoni. Msikubali kuambiwa dawa ya kila jino ni kung'oa.

Najua kufika kituoni si jambo dogo. Mtu wa Mbwera anasubiri maji yajae, anapanda boti hadi Nyamisati, kisha gari. Katika Afrika, kwa hesabu za Shirika la Afya Duniani, madaktari wa meno ni kama watatu kwa kila watu 100,000, sehemu moja ya kumi ya wastani wa dunia. Ndiyo sababu watu walikuwa wakinifikia shavu limeshavimba na usaha umeshatafuta njia ya kutokea, na hapo nilikuwa sina la kuokoa. Laiti wangekuja tundu likiwa dogo kama kichwa cha kiberiti. Wahenga walishasema usiache mbachao kwa msala upitao, na jino la Japani ni msala unaopita kwa mbali bado.

Sasa niwape habari ya jino la utoto. Sisi tulikuwa tukilirusha juu ya paa la makuti, na hakuna ubaya. Mwaka 2003 Songtao Shi, akiwa katika taasisi za taifa za afya za Marekani, alichunguza jino la binti yake lililokuwa likitoka, akakuta ndani ya kiini chake seli shina zilizo hai. Mwaka 2018 madaktari wa Xi'an, China, wakachapisha habari za watoto walioumia meno ya mbele kwa kuanguka, kiini kikafa kabla mzizi haujakomaa. Walichukua seli kutoka jino la utoto la mtoto huyohuyo, wakazikuza, wakazipandikiza ndani ya jino lililoumia. Kiini kikaota upya, chenye damu na chenye kuhisi, na mzizi ukaendelea kurefuka. Hilo ni jambo kubwa, tena limefanyika kwa binadamu.

Huku kwetu watoto huanguka kwenye miembe kila msimu. Maabara ya Xi'an hatunayo, lakini kuna seli ambazo ninyi wenyewe mnaweza kuziokoa ndani ya saa moja. Jino la ukubwani la mbele likichomoka zima, lishikeni sehemu ya juu, msiushike mzizi. Juu ya mzizi kuna utando wenye seli hai, nao ndio unaoweza kulishikisha tena kwenye taya. Msiukwangue wala kuusugua. Likiwa chafu, lipitisheni kwenye maji kwa haraka tu, mlirudishe kwenye tundu lake, mtoto aume kitambaa, muondoke. Mkishindwa kulirudisha, litieni kwenye maziwa, au mtoto mwenyewe akiwa mkubwa alihifadhi shavuni, mkimbie hospitali. Jino lililofungwa kwenye karatasi kavu likafika baada ya saa tatu ni zawadi tu ya kumwonyesha daktari. Na jino la utoto likichomoka hivyo msilirudishe, mtaumiza linalokuja chini yake.

Nimeacha mwisho jambo ambalo kwangu ni zito kuliko yote, kwa sababu linahusu ninyi mtakaokuwa baba na mama. Mmesikia habari za meno ya nailoni. Mtoto wa miezi michache ana homa, anaharisha, analia usiku. Mtu anamwangalia ufizi, anaona pale pa chonge pamevimba kidogo na pana weupe, anasema huo ndio ugonjwa. Anachana ufizi kwa msumari au spoku ya baiskeli, anachokoa, anatoa kitu cheupe laini, anamwonyesha mama: nailoni hiyo, isingetolewa mtoto angekufa. Madaktari wa Dar es Salaam waliandika juu ya madhara ya jambo hili tangu 1991, na katika mikoa mingi ya nchi hii halijaisha.

Kile kitu cheupe laini ni chipukizi la jino. Ni laini kwa sababu madini hayajaingia ya kutosha. Kila chonge la kila mwanadamu lilipitia hapo, lako na la mfalme. Ndani yake na kandokando yake mna zile seli ambazo watu wa Osaka wametumia miaka kutafuta namna ya kuziamsha kwa mtu mzima. Na chini yake pana chipukizi la jino la ukubwani, ambalo msumari mara nyingi hulifikia, kwa hiyo mtoto akikua chonge halioti, au linaota likiwa na kilema. Hapo nimezungumza meno tu. Wapo waliopata pepopunda, wapo ambao damu haikukatika, wapo waliofariki kwa kuwa malaria au kuharisha kuliendelea wakati nyumba nzima ikiamini mtoto ameshatibiwa.

Mama aliyempeleka mtoto wake huko si mjinga, wala roho yake si mbaya. Ana mtoto anayechemka, ni usiku, na zahanati iko ng'ambo ya mto. Msimtukane. Mwambieni kwamba umri ule meno yanapoanza kusogea ndio umri ambao mtoto anaanza kutambaa na kutia kila kitu mdomoni, na kuharisha kunatoka huko. Mpeni maji yenye chumvi na sukari ya pakiti, amnyweshe mtoto njiani, mmshike mkono mpaka kituoni akapimwe malaria. Na kama mganga wa jambo hilo ni jamaa yenu, semeni naye kwa adabu, faragha, lakini semeni.

Wapo kati yenu waliomaliza kidato cha sita kwa masomo ya baiolojia na kemia, wanasubiri majina ya vyuo. Kwao nina ombi. Muhimbili wanafundisha udaktari wa meno, na vyuo vyetu vinafundisha bioteknolojia. Mmoja aende huku, mwingine kule, msiachane. Japani wanawalenga kwanza watoto waliozaliwa bila vichipukizi vya kutosha, kwa kuwa ndio walio nao. Sisi tuna watu wazima waliozaliwa navyo vyote, wakachokolewa chonge wangali wachanga. Je, pale palipopita msumari pamebaki seli yoyote inayoweza kuamshwa, au msumari uliondoka na kila kitu? Swali hilo linaweza kupimwa kwa picha za taya, kwa hadubini na kwa miaka ya subira, na wagonjwa wake wako huku kwetu, si Osaka.

Atakayelichukua aje nyumbani kabla ya kwenda chuo. Nitampa lile gego lililopasuliwa, akaanzie hapo.